S. Kitur na S. Kitur

Karatasi za matokeo ya riadha zina tabia moja mbaya: zinapenda kufupisha. Herufi ya kwanza, nukta, jina la mwisho, nchi, muda, basi. Ukifuata wakimbiaji wa mita 400 wa Kenya wa mwisho wa miaka ya 1980 na mwanzo wa miaka ya 1990, utakutana na S. Kitur, halafu S. Kitur mwingine, halafu D. Kitur. Mtu asiyejua atadhani aliyepiga chapa alikuwa amechoka. Kumbe hapo pana watu watatu: Simon, David na Samson, ndugu, wote wa mzunguko mmoja wa uwanja. Simon aliruka viunzi vya mita 400. David na Samson walikimbia mita 400 bila kitu cha kuruka.

Huku kwetu Parklands, ukisimama nje ya Diamond Plaza uulize watu kumi wakutajie mkimbiaji wa Kenya, utaambiwa Kipchoge, utaambiwa Rudisha, utaambiwa Faith, na tangu 2021 kuna wa kupiga kelele Omanyala kabla hujamaliza swali. Kitur hutamsikia. Siwalaumu. Samson alifariki Aprili 2003 akiwa na miaka 37, na wengi wetu wakati huo tulikuwa tunanyonya au hatujazaliwa. Tena sisi Wakenya tumekubali kuuzwa kama nchi ya mbio ndefu. Mtalii akija anataka Iten. Hakuna anayeuliza njia ya kwenda kwa watimkaji.

Lakini hebu tazama huyu jamaa alifanya nini.

Barcelona, Agosti 1992, Olimpiki. Nusu fainali ya mita 400, Samson Kitur anakimbia sekunde 44.18. Hiyo ikawa rekodi ya Kenya, na ilikaa zaidi ya miaka 30. Emmanuel Korir, ambaye baadaye alichukua dhahabu ya mita 800 kule Tokyo, aliikaribia mwaka 2018 kwa 44.21, karibu kabisa, lakini hakuifikia. Siku mbili baada ya ile nusu fainali ikaja fainali. Quincy Watts wa Marekani akaondoka na dunia yake, 43.50, rekodi ya Olimpiki. Nyuma yake Steve Lewis, bingwa wa Seoul 1988, 44.21. Halafu Kitur, 44.24. Shaba. Piga hesabu kidogo: kama angerudia tu muda wake wa nusu fainali, angempita Lewis na kuchukua fedha. Sehemu tatu za mia za sekunde. Huwezi hata kusema "Lewis" katika muda huo.

Mwaka uliofuata, Mashindano ya Dunia, Stuttgart. Shaba tena, 44.54. Waliomtangulia ni Michael Johnson na Butch Reynolds, na Reynolds ndiye aliyekuwa anashikilia rekodi ya dunia wakati huo. Ukiorodhesha watu waliomshinda Kitur kwenye fainali hizo mbili, umeorodhesha karibu historia yote ya mita 400 ya kizazi kile. Halafu siku za mwisho za mashindano hayohayo akaingia kwenye timu ya kupokezana vijiti ya 4x400 na Kenya ikachukua fedha nyuma ya Wamarekani, ambao walivunja rekodi ya dunia. Kuchukua fedha siku ambayo mshindi amevunja rekodi ya dunia ni kazi ambayo haipigwi picha.

Medali ninayoipenda mimi, hata hivyo, ni ya mwaka 1990, kule Auckland, Michezo ya Jumuiya ya Madola. Samson alikuwa ameshapata fedha ya mita 400 nyuma ya Mwaustralia Darren Clark, na Mkenya mwenzake Simeon Kipkemboi akapata shaba. Kisha vijiti. Timu ya Kenya: Samson Kitur, David Kitur, Simeon Kipkemboi, Stephen Mwanzia. Dhahabu. Ndugu wawili kwenye timu ya watu wanne.

Kuna kitu kuhusu 4x400 ambacho kwenye televisheni hukioni vizuri. Kwenye 4x100, anayepokea kijiti haangalii nyuma. Anaanza kukimbia, ananyoosha mkono, anaamini. Kwenye 4x400 haiwezekani, kwa sababu anayekuja amekwisha. Mita 400 ni mbio ambazo mwili unaanza na deni na kulilipa mwishoni: ukiingia mita 100 za mwisho miguu imejaa asidi, magoti hayapandi, uso umevutika. Huwezi kumwamini mtu wa hivyo kuleta kijiti mahali ulipokadiria. Kwa hiyo unageuka na kumtazama, unapima amebakiza nguvu kiasi gani, na unaanza kwa kasi yake, si yako. Sasa weka ndugu ndani ya timu kama hiyo. Unajua sura yake akiwa na njaa, akiwa ameficha kitu mama asijue, akiwa anadanganya kwamba hajachoka. Makocha wanalipwa kujaribu kufundisha ujuzi huo.

Nafikiria hili kuliko inavyonipasa, labda kwa sababu mimi ni mdogo wa mtu. Dada yangu mkubwa alimaliza chuo, mimi niliacha mwaka wa tatu, na kwenye harusi na mazishi ninatambulishwa kwa jina lake kwanza. "Huyu ni nduguye fulani." Haina ubaya. Ila inakufanya usome orodha za matokeo kwa jicho lingine: unaanza kumtafuta wa pili.

Na Kenya, ukitafuta, imejaa familia za mzunguko mmoja. Mexico City, 1968: Kenya ilichukua fedha ya 4x400, na mmoja wa wale wanne alikuwa Daniel Rudisha. Ndiyo, baba yake David, yule wa 1:40.91 kule London 2012. Mama yake David naye aliwahi kukimbia mita 400 kuruka viunzi. Kwa hiyo mtu tunayemwona kama mfalme wa mita 800 alitoka kwenye nyumba ya mita 400, na ukimtazama tena anavyokimbia ile fainali ya London, mbele kuanzia mwanzo bila kungoja mtu, utaona hiyo nyumba.

Au Munich, 1972. Charles Asati, Hezekiah Nyamau, Robert Ouko na Julius Sang, dhahabu ya 4x400. Watu wanapenda kuongeza kwamba Wamarekani hawakuwepo. Ni kweli: Vince Matthews na Wayne Collett walifungiwa kwa jinsi walivyosimama jukwaani wimbo wa taifa ukipigwa, na John Smith alikuwa ameumia. Lakini hiyo isikufanye umsahau Sang, ambaye alikuwa na shaba ya mita 400 ya mtu mmoja mmoja kwenye Olimpiki hiyohiyo. Na mkewe Sang alikuwa nani? Tecla Chemabwai. Mwaka 1968 yeye, Lydia Stephens na Elizabeth Chesire walikuwa wanawake wa kwanza wa Kenya kushiriki Olimpiki. Tecla alikimbia mita 400. Fikiria mazungumzo ya chakula cha jioni kwenye nyumba ile.

Sang na Ouko walisoma Marekani, North Carolina Central, chuo cha watu weusi mjini Durham ambako kocha alikuwa Leroy Walker. Hii ni sehemu ya historia ambayo hatuisimulii tukiongea kuhusu "vipaji vya kijijini". Mbio ndefu unaweza kuzilea kwa barabara ya vumbi na mlima. Mbio fupi zinataka uwanja wenye mistari, vibao vya kuanzia, viunzi kumi vya kimo kimoja, na mtu wa kukurekebisha bega. Vitu hivyo kwa miaka mingi vilipatikana jeshini, polisi, magereza na chuoni. Asiyekuwa na mlango huo alikuwa na kitu kimoja tu cha kufanyia mazoezi: ndugu yake. Nadhani ndiyo maana ndugu wanajitokeza mara nyingi hivi kwenye mita 400 na viunzi vyake. Ni mbio za kifaa, na ndugu ndiye kifaa cha bei rahisi zaidi.

Sasa nikurudishe kwenye majina, kwa sababu Kitur wana bahati. Jina lao ni moja, kwa hiyo angalau unaweza kushuku. Wengine hata kushuku huwezi.

Agosti 25, 2015, Beijing. Fainali ya Mashindano ya Dunia, mita 400 kuruka viunzi wanaume. Leni ya 9, kule nje kabisa, yuko Nicholas Bett wa Kenya. Leni ya 9 ni mahali pa upweke: kwa sababu ya mpangilio wa kuanzia unaanza mbele ya wote na humwoni mtu yeyote. Unakimbia kama uko mazoezini peke yako na kelele za uwanja ndizo zinakuambia kama unakamatwa. Hakukamatwa. Sekunde 47.79, dhahabu, rekodi ya Kenya. Kabla yake hakuna Mkenya aliyekuwa amewahi kushinda dhahabu ya dunia katika mbio zilizo fupi kuliko mita 800. Kenya iliongoza jedwali la medali mwaka huo, dhahabu saba, na pia ndiyo Beijing ambapo Julius Yego alirusha mkuki mita 92.72. Wiki moja ya ajabu, dunia ikitushangaa kwa vitu ambavyo si "vyetu".

Nicholas Bett alikuwa na pacha. Naye aliruka viunzi vya mita 400, naye aliichezea Kenya. Anaitwa Haron Koech.

Bett na Koech. Kwenye orodha ya wanaoanza, mmoja yuko kwenye B na mwingine kwenye K. Mtangazaji wa Ulaya hana namna ya kujua kwamba hawa wawili walikuwa tumbo moja kwa wakati mmoja. Majina ya Kikalenjin mengi hubeba saa au hali ya kuzaliwa: Kibet ni wa mchana, Kipkoech ni wa alfajiri, Kiprop ni wa mvua. Mwanamume baadaye huchukua jina la baba bila kile kiambishi cha mbele, kama arap Moi. Serikali nayo ikaja na fomu zake, jina la kwanza, la kati, la mwisho, na kila mtu akajaza alivyojaza. Simaanishi kwamba pacha hawa walizaliwa mmoja alfajiri na mwingine mchana. Nasema tu kwamba majina yao, yakisimama jirani, yanasomeka kama siku moja iliyokatwa vipande viwili, na karatasi ya matokeo haina safu ya kuviunganisha.

Mwaka mmoja baadaye, Rio. Bingwa wa dunia Nicholas Bett anaingia mchujo wa kwanza na anaondolewa. Imekwisha kabla haijaanza. Lakini fainali inapofika, Agosti 18, 2016, Wakenya wawili wamo. Boniface Tumuti, aliyechukua fedha kwa 47.78, akivunja rekodi ya Bett kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Na Haron Koech, aliyemaliza wa saba.

Wa saba. Hakuna anayemkumbuka wa saba, na kuna fainali ambazo wa saba ni wa mwisho anayehesabika. Hii ilikuwa mojawapo, kwa sababu Javier Culson wa Puerto Rico alitolewa kwa kuwahi mlio wa bunduki. Lakini mimi nikiangalia ile orodha namwona pacha aliyefika kwenye fainali ya Olimpiki ambayo bingwa wa familia hakuifikia. Pale nyumbani kulikuwa na dhahabu ya dunia na kulikuwa na fainali ya Olimpiki, na havikuwa vya mtu mmoja. Ningependa kuandika sura nzima kuhusu miezi iliyofuata kwao wawili. Kuna wanariadha ambao maisha yao yote yanarekodiwa, mpaka wanachokula asubuhi. Hawa walirekodiwa kwa sekunde arobaini na kitu kila mara, kisha taa zikazimwa.

Agosti 8, 2018, siku chache baada ya Mashindano ya Afrika ya Asaba, Nigeria, Nicholas Bett alikufa katika ajali ya gari kaunti ya Nandi. Alikuwa na miaka 28. Magazeti yote yaliandika "bingwa wa zamani wa dunia". Baadhi yaliongeza chini kabisa, kwa sentensi moja, kwamba ameacha pacha ambaye pia ni mwanariadha.

Linganisha na Wabelgiji. Kina Borlée: Kevin na Jonathan ni pacha, Dylan ni mdogo wao, dada yao Olivia naye alikimbia mbio fupi, na baba yao Jacques ndiye aliyekuwa kocha. Amsterdam mwaka 2016 ndugu watatu walikuwa kwenye timu moja iliyoshinda 4x400 ya Ulaya, pamoja na Julien Watrin, ambaye namwonea huruma kidogo, mgeni wa kudumu kwenye mkutano wa ukoo. Hawa dunia nzima inawajua kama familia. Jina moja kwenye namba ya kifuani, mara tatu. Ni hadithi inayojiandika yenyewe, mtangazaji hahitaji kufanya utafiti. Siwanyimi sifa, ni wakimbiaji kweli: Kevin ana shaba ya dunia ya mwaka 2011. Nasema tu kwamba familia yetu ya viunzi ilitoa bingwa wa dunia na mtu wa fainali ya Olimpiki ndani ya miezi kumi na miwili, na hatukuwa hata na jina la kuwaita kwa pamoja.

Majirani zetu Uganda walitangulia katika hili. John Akii-Bua, Munich 1972, dhahabu ya mita 400 kuruka viunzi, 47.82, rekodi ya dunia, mtu wa kwanza kuteremka chini ya sekunde 48. Alikimbia leni ya 1, ile ya ndani yenye kona kali ambayo mrukaji viunzi yeyote angeikataa angeruhusiwa. Leni ya 1 kwake, leni ya 9 kwa Bett, na nyakati zao zinatofautiana kwa sehemu tatu za mia baada ya miaka 43. Akii-Bua alitoka kwenye boma la watoto zaidi ya 40. Mmoja wa kaka zake alikuwa Olimpiki kabla yake, Melbourne 1956, mrukaji wa chini na wa miruko mitatu. Jina lake Lawrence Ogwang. Umeona? Akii-Bua, Ogwang. Ukiwa na karatasi peke yake huwezi kuwaweka kwenye sentensi moja.

Na sasa hivi tunaifanya tena, mbele ya macho yetu.

Ferdinand Omanyala alisomea kemia Chuo Kikuu cha Nairobi, na kemia inasomewa Chiromo, ambako ukitoka Parklands unavuka tu Waiyaki Way. Alikuwa mchezaji wa raga kabla ya kuingia riadha. Septemba 18, 2021, Kasarani, akakimbia mita 100 kwa 9.77, rekodi ya Afrika, na bado akawa wa pili siku hiyo nyuma ya Trayvon Bromell wa Marekani. Agosti 2022 akashinda mita 100 za Jumuiya ya Madola kule Birmingham, Mkenya wa kwanza tangu Seraphino Antao, yule Mgoa wa Mombasa aliyeshinda yadi 100 na yadi 220 huko Perth mwaka 1962 na kubeba bendera ya Kenya Tokyo 1964. (Hapa Parklands bado tuna shule yenye jina la Dkt. Ribeiro, Mgoa mwingine, aliyezunguka Nairobi ya zamani akiwa amepanda pundamilia. Watoto wanaopita pale kila asubuhi wanaijua stori ya pundamilia. Ya Antao sijakutana na mtoto anayeijua.)

Omanyala ana mdogo wake ambaye naye anakimbia mita 100. Anaitwa Isaac Omurwa. Jina kamili la kaka ni Ferdinand Omanyala Omurwa, lakini lililobaki vinywani ni lile la katikati. Kwa hiyo siku wakipangwa mchujo mmoja Nyayo au Kasarani, O. mbili zitakuwa zinafuatana kwenye orodha na jukwaa litampigia kelele mmoja.

Nimekuwa nikiweka daftari. Si kitu kikubwa, ni daftari la mistari la duka la pale Highridge, na ndani yake ninaandika kile ambacho karatasi hazina nafasi nacho. Kitur S., kaka yake Kitur D., ndugu yao Kitur S. Bett N., pacha wa Koech H. Akii-Bua J., mdogo wa Ogwang L. Sang J., mume wa Chemabwai T. Rudisha D., mwana wa Rudisha D. Dada yangu aliliona mezani wikendi iliyopita, akasoma ukurasa mzima amesimama, kisha akaniuliza kama Simon Kitur ndiye mkubwa wao.